Maswali ambayo video haiulizi

Siku hizi mgonjwa akiingia kwenye chumba changu cha kliniki, naonyeshwa simu kwanza, ngozi baadaye. Kwenye simu kuna mtu mwenye uso laini anayeeleza kwa utulivu, na kwa maneno ya kuvutia, jinsi alivyoondoa madoa, chunusi au ukurutu wake. Video ikiisha, mgonjwa anapandisha mkono wa nguo na kusema, "Daktari, nilifuata kila alichosema huyu. Mbona mimi imekuwa hivi?"

Natibu ngozi, na swali hilo nalisikia sasa kuliko swali jingine lolote. Nalichukua kwa uzito, kwa sababu anayeliuliza hakuzembea. Alisikiliza, akanunua, akapaka asubuhi na usiku kama alivyoelekezwa. Wengine wana nidhamu ya dawa inayowashinda wagonjwa ninaowaandikia mimi mwenyewe. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza kabla ya kuwajibu. Kazi hii imenionyesha kwamba sehemu kubwa ya utaalamu wa ngozi imo kwenye maswali, na maswali ndiyo yanayopotea kwanza pale ushauri unapokatwa uwe video ya sekunde chache.

Nianze na baka moja. Mtu ana sehemu iliyofifia rangi, ukubwa wa sarafu, begani au shavuni. Kwenye picha ni baka tu. Mbele yangu linaweza kuwa mba wa mwilini, yaani fangasi anayeishi kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi. Linaweza kuwa mbalanga, ambapo kinga ya mwili inashambulia seli zinazotengeneza rangi. Linaweza kuwa alama iliyoachwa na ukurutu uliopona, jambo la kawaida kwa watoto wenye ngozi kavu. Na linaweza kuwa ukoma.

Nitayatofautishaje? Nauliza lilianza lini, kama linawasha, kama liliwahi kuwa na magamba, kama kuna mwingine nyumbani mwenye baka kama hilo. Nalikwangua taratibu nione kama litatoa unga. Unga huo nikiuweka kwenye kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi, fangasi wa mba huonekana kwa hadubini. Nazima taa ya chumba na kulimulika kwa taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno: mbalanga hung'aa weupe mkali wenye mpaka wazi, na mba mara nyingine hutoa mng'ao wa njano. Kisha namwomba mgonjwa afumbe macho. Nachukua pamba, naisokota ncha iwe nyembamba, nagusa hapa na pale, naye ananionyesha kwa kidole nilipogusa. Akihisi pamba pembeni ya baka lakini asiihisi juu ya baka lenyewe, mazungumzo yetu yanageuka kabisa, maana ukoma hushambulia neva na kuondoa hisia.

Yote hayo huchukua dakika chache. Lakini hakuna kamera inayojua kama ngozi imehisi pamba. Anayesema mtandaoni kwamba mafuta fulani "yanaondoa mabaka" amejibu maswali manne tofauti kwa jibu moja, na huenda katika watazamaji wake yupo mtu ambaye neva zake zinaharibika huku akisubiri mafuta yafanye kazi.

Linaloniumiza zaidi ni krimu zenye steroidi kali, na hapa nitakaa kidogo.

Watu hudhani ushuhuda wa krimu hizi ni uongo. Mara nyingi ni ukweli mtupu. Mtu anapopaka klobetasoli, mojawapo ya steroidi hizo, vipele vinanywea ndani ya siku chache, muwasho unakoma, wekundu unatulia, madoa yanaanza kufifia. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu, hutuliza uvimbe na hupunguza kasi ya seli za ngozi, hata zile za rangi. Siku ya tano, anayejipiga video anasema kweli kwa moyo wake wote. Tatizo ni kwamba hakuna anayejipiga video wiki ya kumi. Wiki ya kumi anakuja kwangu, mlango ukiwa umefungwa.

Klobetasoli ya asilimia 0.05 imo katika kundi la juu kabisa la nguvu za steroidi za kupaka. Maelekezo yake ya kitabibu yanasema isitumike mfululizo zaidi ya wiki 2, isizidi gramu 50 kwa wiki, na isipakwe usoni, makwapani wala kinenani. Ngozi ya kope na ya kinena ni nyembamba, hupitisha dawa nyingi kuliko ngozi ya kiganja au unyayo. Mimi nakutana na watu walioipaka uso mzima, kila siku, kwa miezi, wakiichanganya na losheni ili ienee vizuri. Ngozi yao imekonda hadi mishipa inaonekana. Mapajani kuna michirizi mipana isiyofutika. Kuzunguka mdomo kuna vipele vidogo vidogo. Wakiacha, uso unawaka moto na kuvimba, kwa hiyo wanairudia, na kila wakiirudia wanaamini kwamba krimu ndiyo inayowaokoa. Kumtoa mtu kwenye mzunguko huo ni kazi ya miezi, na anahitaji kuambiwa tangu mwanzo kwamba atapitia kipindi kibaya kabla ya kupata nafuu. Nisipomwambia, wiki ya pili atarudi kwenye video.

Steroidi hizo hizo zikipakwa juu ya choa, duara lake hupoteza ukingo, muwasho hupungua, na fangasi anaendelea kutambaa kwa raha chini ya utulivu huo wa bandia. Madaktari wana jina la Kilatini kwa choa kilichojificha namna hii, na nakiona sana kinenani kwa vijana walioona aibu kuja mapema. Upele nao ni vilevile. Husababishwa na utitiri mdogo unaochimba ndani ya ngozi. Kwa aliyeupata mara ya kwanza, muwasho huchelewa hata wiki 4 hadi 6. Ndiyo maana nauliza: unawasha zaidi usiku? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Dawa ya upele, kama permethrini ya asilimia 5, hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, hukaa saa 8 hadi 14, na hurudiwa baada ya wiki, na wote wanaoishi pamoja hupaka siku moja hata kama hawawashwi. Anayepaka krimu ya kutuliza muwasho peke yake anawaacha utitiri kwake na kwa watoto wake.

Kuna mtoto mmoja alikuja na mama yake. Mama alikuwa ametazama video nyingi kuhusu ukurutu wa watoto, na alinieleza mambo kwa ufasaha ambao ungemfurahisha mwalimu yeyote wa udaktari: namna ngozi kavu inavyopoteza maji, kwa nini mafuta mazito hufaa kupakwa ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga, kwa nini sabuni kali huzidisha. Kila alichosema kilikuwa sahihi. Nilipoangalia katikati ya vidole vya mtoto nikaona vijistari vya utitiri. Maarifa yake yalikuwa mazuri, ila yalihusu ugonjwa mwingine. Nilimpongeza kwa dhati, kwa kuwa alistahili, nikamwambia aendelee na mafuta yale baada ya upele kutibiwa.

Kuhusu mkorogo, nitasema yale ambayo naona hayasemwi vya kutosha. Haidrokwinoni, kiambato cha kufifisha rangi ya ngozi, ni dawa halali mikononi mwa daktari, kwa muda wenye mwisho. Ikipakwa kwa miaka, kwa wingi, juani, inaweza kuleta weusi wa kibuluu ulioganda ndani ya ngozi, hasa mashavuni, na weusi huo hauna tiba ya uhakika. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliueleza kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu hizo, na mwaka 1990 nchi hiyo ilipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi. Zebaki ni mbaya zaidi. Inapenya ngozi na kuharibu figo, na kwa kuwa inashika kwenye mikono, taulo na mashuka, inawafikia hata watoto wachanga ambao hawajawahi kupakwa chochote. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki wa mwaka 2013, uliweka kikomo cha zebaki kwenye vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama, zilipokutana Geneva, zikakubaliana kukiondoa kikomo hicho, yaani zebaki isiruhusiwe kwenye vipodozi hata kidogo.

Bado ipo. Nilimpokea dada aliyevimba miguu na mkojo wake unatoa povu, dalili kwamba figo zinavujisha protini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anapaka nini usoni, kwa sababu hakuenda hospitali kwa ajili ya uso. Alinionyesha kopo. Hakukuwa na orodha ya viambato, ila kulikuwa na onyo kwamba krimu isiguse vito vya dhahabu na fedha. Onyo la namna hiyo ni alama inayojulikana ya zebaki, kwa kuwa zebaki huungana na madini hayo na kuyaharibu. Tangu siku hiyo, kila ninapozungumza na watu hulitaja, kwa kuwa ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua mwenyewe nyumbani bila maabara.

Simkaripii mtu kwa kufuata video. Nimekaa upande wa pili wa foleni na ninajua inavyokuwa: saa nyingi za kusubiri, dakika chache za kuonana, daktari anayeandika huku akiangalia karatasi. Mwenye tatizo sehemu za siri anaona haya hata kulitaja. Simu haikunji uso. Inasubiri usiku wa manane, inarudia bila kuchoka, na anayezungumza humo anasema "najua unavyojisikia" kabla ya kusema jambo lingine. Wataalamu wa ngozi ni wachache mno ukilinganisha na wanaowahitaji. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani, na nililipokea kwa furaha kubwa, maana kwa miaka mingi ngozi imechukuliwa kama suala la urembo tu.

Kwa hiyo nami nilianza kuzungumza mtandaoni. Huko nikaona jambo ambalo sikulitambua nikiwa kliniki tu: mtandao hupenda uhakika. Ukisema "hii inaondoa chunusi", sentensi inasafiri. Ukisema "inategemea kama una ujauzito, unatumia dawa gani nyingine, na chunusi zako ni za aina gani", inabaki pale pale. Lakini kipande hicho cha pili ndicho kinacholinda watu. Dawa za jamii ya tretinoini ni nzuri kwa chunusi, nazo haziandikiwi mjamzito. Aisotretinoini ya kumeza husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni, na hakuna daktari makini anayeianzisha kwa mwanamke anayeweza kushika mimba bila kipimo cha ujauzito na njia ya uhakika ya kuuzuia. Swali hilo moja likikosekana, kila kitu kingine kwenye video kinaweza kuwa sahihi na bado mtu akaumia vibaya.

Halafu kuna suala la muda. Tabaka la juu la ngozi hujijenga upya kwa takriban wiki 4, na zaidi kadiri umri unavyosogea. Dawa za chunusi hupimwa kwa wiki 8 hadi 12. Nikiona ahadi ya siku saba najiuliza ni kipi hasa kinachoweza kubadilisha uso kwa siku saba: steroidi, taa na kichujio cha kamera, au chunusi zilizokuwa zinaelekea kupoa zenyewe. Hilo la mwisho linawadanganya hata waaminifu. Mtu hutafuta dawa pale ngozi inapokuwa mbaya kuliko kawaida, na baada ya kipindi kibaya namna hiyo ngozi kwa kawaida hutulia kidogo yenyewe. Chochote alichopaka wiki ile kitapewa sifa.

Koti jeupe nalo limeanza kutumika kama pambo. Namheshimu daktari wa mifupa, ila sitamfuata kwa mbalanga, naye hapaswi kunifuata kwa goti. Nchi nyingi zina baraza linalosajili madaktari na majina yaliyosajiliwa yanaweza kutafutwa. Nawashauri watu watafute. Vilevile naangalia kama anayenishauri ndiye anayeniuzia. Si kila auzaye ni mwongo, lakini mtu akigundua tatizo langu na dawa yake ikawa mfukoni mwake kila mara, nina haki ya kusita.

Upande mwingine, baadhi ya walimu bora niliowaona mtandaoni hawajasoma udaktari. Watu wenye ualbino wanaoonyesha namna ya kujikinga na jua, kofia pana, mikono mirefu, kivuli, losheni iliyopakwa masikioni na nyuma ya shingo, wanajua mambo haya kwa undani ambao mihadhara haikunipa. Ni wao waliokuwa wakisisitiza kiasi cha losheni cha kupaka. Losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, na ya 50 takriban 98, kwa hiyo tofauti ya namba hizo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lakini vipimo hivyo hufanywa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na watu wengi hupaka pungufu sana ya hapo. Anayepaka tabaka jembamba la losheni ya 50 hapati kinga iliyoandikwa kwenye chupa.

Mtandao pia umeziba pengo ambalo vitabu vyetu viliacha wazi. Picha nyingi za mafunzo zilikuwa za ngozi nyeupe, na tulifundishwa kutafuta "wekundu" ambao kwenye ngozi nyeusi hujitokeza kama zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Mwaka 2020 Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha picha za dalili kwenye ngozi nyeusi na za kahawia, na kilisambaa duniani kwa njia ya mtandao. Kazi kama hiyo inaokoa watu. Hadi leo wapo wanaoamini kwamba mtu mweusi hapati saratani ya ngozi. Huwa nawakumbusha habari ya mwanamuziki Bob Marley: saratani ya melanoma iligunduliwa chini ya ukucha wa kidole chake cha mguu mwaka 1977, naye akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi linalokua unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha linahitaji kuonwa na daktari, na upesi.

Watu wananitumia picha kila siku. Sitaji dawa kwa picha. Nawarudishia maswali: limeanza lini, umeshapaka nini na kwa muda gani, linawasha usiku, nani mwingine nyumbani, una ujauzito, ulianza dawa mpya ya kumeza hivi karibuni, ukiligusa unahisi? Wengine hukasirika, wanaona nawazungusha. Wengine, wakiwa wanaandika majibu, wanaanza kujionea wenyewe. Mmoja aliandika kwamba vipele vilianza wiki mbili baada ya dawa mpya, na kwamba sasa ana vidonda mdomoni na macho mekundu. Nilimwambia aache kuniandikia na aende hospitali saa ile ile, na dawa hiyo aibebe mkononi awaonyeshe, kwa sababu ngozi inayoanza kubanduka pamoja na vidonda vya mdomo na macho inaweza kuua.

Mgonjwa wa kliniki ninayemkumbuka zaidi mwaka huu alitumwa kwangu na video, na mwenye video hiyo alikuwa mwanamke aliyewahi kutibiwa ukoma. Alionyesha mahali baka lake lilipokuwa, akaonyesha namna ya kujigusa kwa pamba macho yakiwa yamefumbwa, akasema asiyehisi aende kituo cha afya. Hakutaja mafuta wala hakumwambia yeyote kwamba ana ukoma. Yule kaka alijaribu nyumbani, mkewe akishika pamba, na hakuhisi kitu kwenye baka la paja ambalo alikuwa amelipaka krimu kwa karibu mwaka. Nilirudia kipimo, nikapapasa neva za kiwiko na za nyuma ya goti, nikachukua sampuli. Mikono na miguu yake ilikuwa bado na nguvu zote. Dawa za ukoma ni mseto wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, hutolewa bure, na kwake zitachukua miezi 6. Juma lililofuata alimleta mkewe na watoto, tukawachunguza mmoja mmoja kwa pamba ile ile ya kliniki, hakuna aliyekuwa na dalili, na kila mmoja akapewa dozi moja ya rifampisini ya kinga.